Mtambo wa biogesi: wa Ahero si wa Molo

Ukiwa Molo kwenye baridi, usikubali kuuziwa mtambo wa biogesi kwa video iliyopigwa Ahero kwenye joto. Mimi ndivyo nilivyouziwa: ule mfuko mkubwa wa plastiki unaolazwa kwenye mtaro, kwa malipo ya polepole, na ahadi kwamba samadi ya ng'ombe wawili itatosha chai, githeri na maji ya kuoga. Wakati wa jua sikuwa na neno. Moto wa buluu, sufuria safi, macho hayawashi. Hata kanisani nilimsifia yule kijana aliyeniuzia.

Kisha ikaingia baridi ya katikati ya mwaka, ile ya ukungu mpaka saa nne. Mfuko ukanywea, ukalala kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Siku moja moto ukazima githeri haijaiva. Nikapiga simu, nikapiga tena. Alipokuja hatimaye, mfuko hata hakuushika. Alisimama kando ya zizi, simu mkononi, akaniambia mbele ya mkwe wangu: "Mama, wewe mtambo huulishi. Unaunyima halafu unalaumu kampuni." Mimi! Ninayeamka alfajiri kukoroga samadi, ndoo kwa ndoo ya maji, nikiokota nyasi kwa mkono! Nilitetemeka.

Aliyenisaidia ni binti wa ofisi hiyohiyo. Aliuliza swali ambalo yule hakuuliza: "Mama, usiku huko kwenu kukoje?" Akanieleza kwamba vijidudu vinavyotengeneza gesi hupenda joto la nyuzi 35 hivi, likishuka chini ya 15 vinakaribia kuacha kazi. Ahero ni bondeni kwenye mpunga na joto, sisi tuko karibu mita 2,500 juu ya bahari. Basi nikoroge kwa maji yaliyoshinda juani, nijenge kibanda cha nailoni ya grinhausi juu ya mfuko, nipunguze maganda ya viazi maana yakizidi huleta uchachu. Pia nifungue bomba la gesi pale linapoinama, nimwage maji yaliyoliziba. Yalitoka maji yanayonuka yai viza, kikombe kizima! Na huyo kijana alisimama hatua chache tu kutoka hapo.

Gesi imerudi. Chai na mboga inapika, githeri bado ni ya kuni. Na lile tope linalotoka nalimwaga kwenye sukumawiki. Majani mapana hivyo sijawahi kuvuna. Nilianza kuandika ili niwaambie msinunue, na siwezi tena kusema hivyo. Wa Kisumu, kwenye joto kama la Ahero, anunue hata leo. Wa Molo, Kuresoi au Mau Narok adai hiyo nailoni iingizwe kwenye bei kabla ya kutia sahihi, na amuulize muuzaji habari za usiku wa Julai. Deni la kampuni nimelimaliza. Radhi, mbele ya mkwe wangu, bado naidai.