Mpiga picha tuliyemchukua kwa mradi wetu wa michoro ya ukutani Vingunguti, Dar es Salaam, nampa nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa ajili ya vikundi vya mtaani mnaochora kuta za shule, zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa na kwingine, mana najua wengi mnatenga hela ya rangi na ya mafundi alafu mpiga picha anakuja kukumbukwa asubuhi ya uzinduzi. Sisi mwaka jana tulifanya hivyo hivyo na tukaumia.

Iko hivi. Ukuta wetu wa kwanza tulimlipa mpiga picha mmoja wa harusi laki na nusu aje siku ya uzinduzi tu. Akaja saa sita mchana jua la utosi, akapiga mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapeana mikono, mgeni rasmi na mwenyekiti, picha kama mia tatu hivi na ukuta wenyewe unaonekana vipande vipande nyuma ya vichwa vya watu. Hamna hata moja ya wale kina mama waliokaa wiki nzima wanajaza rangi. Masika ikapiga, ukuta ukaanza kutoa chumvi kwa chini, rangi ikavimba ikabanduka, mwezi wa nane mwenye nyumba akaupaka upya akaweka tangazo la duka lake. Nyumba ni yake, simlaumu. Ila mchoro umeenda, na watoto waliouchora hawana hata kitu kimoja cha kuonyesha kwamba ule ukuta uliwahi kuwepo.

Hilo ndo watu hawalielewi kuhusu michoro ya mtaani, ukuta unaliwa na jua na mvua na picha ndo inabaki. Yule msanii Mfaransa JR alivyofunika mapaa ya mabati ya Kibera, Nairobi, na picha kubwa za macho ya wanawake mwaka 2009, sisi wengine hatukuwepo, tunaijua ile kazi kwa sababu kuna mtu aliipiga vizuri.

Basi mwaka huu tumechukua dada mmoja, nimeunganishwa nae na rafiki yangu mchoraji. Kitu cha kwanza alichonishangaza, hakuuliza uzinduzi ni lini, aliuliza mnaanza kukwangua ukuta lini. Akaja siku mbili kabla ya rangi, bila kamera kubwa, simu tu, akazunguka akaangalia jua linatokea wapi. Ukuta wetu unatazama mashariki na mbele yake kuna mwarobaini, akasema asubuhi kivuli cha mti kitakata mchoro katikati, kwahiyo picha za mchoro mzima zitapigwa kuanzia saa tisa alasiri jua likishahamia nyuma, ukuta wote uwe kwenye kivuli kimoja na rangi zitoke sawa. Mimi nilikua sijawahi kuwaza hilo hata siku moja.

Alafu tatizo la nafasi. Ukuta una mita 24 na njia iliyopo mbele bajaji mbili hazipishani, huwezi kurudi nyuma ukaupata wote, na ukitumia lenzi pana sana ukuta unapinda kama mkeka uliokunjwa. Alichofanya alitembea sambamba na ukuta hatua kwa hatua kamera ikiwa kimo kile kile, picha 14 zinazopandana, akaziunganisha kwenye kompyuta. Picha ya kwanza kabisa ya kila mzunguko anashika kadi ya kijivu mbele ya ukuta ili baadae asawazishe rangi, na kweli ile bluu ya mto kwenye mchoro wetu imetoka bluu ile ile tuliyokoroga.

Kuna kijana wetu alitaka droni sana. Dada akakataa pale pale, akasema Vingunguti tuko pua na mdomo na uwanja wa ndege na droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hawezi kurusha kienyeji. Badala yake akaomba kupanda kwenye ghorofa la jirani ambalo halijaisha, akapata picha ya juu ukuta na mabati na bonde la mto Msimbazi kule nyuma. Kwangu hiyo ndo picha bora ya mradi wote.

Au tuseme ni ya pili. Mchoro wetu unahusu mto, bustani za mchicha za bondeni, mbuzi wanaoelekea machinjioni, na mafuriko ya Desemba 2011. Siku ya tatu bibi mmoja alipita anatoka sokoni, akasimama akatuambia wanangu maji mmeyachora chini, akaweka kikapu, akanyanyua mkono akaubandika ukutani juu ya kichwa chake, akasema yalifika hapa. Sisi tumeduwaa na mabrashi mkononi. Huyu dada hakupayuka bibi rudia nikupige, alikua ameshainua kamera taratibu, akapiga mbili tu, alafu akaishusha akaenda kumuamkia shikamoo bibi, akamuonyesha kwenye kioo akamuomba ruhusa. Bibi akakubali ila akataka kwanza ajifunge khanga vizuri wapige nyingine. Mstari wa maji tulioupandisha kwenye mchoro ni wa mkono wa yule bibi na picha ipo kuthibitisha.

Mambo ya ruhusa ndo yaliyonifanya nimuamini. Watoto wa shule walikua zaidi ya thelathini na alikataa kupiga sura zao mpaka mwalimu apeleke karatasi kwa wazazi, akanikumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wanne wazazi hawakusaini, basi aliwapiga mikono tu na rangi kwenye vidole, na hawakutengwa. Mkataba ulikua ukurasa mmoja wa Kiswahili: sisi tunatumia picha kwenye ripoti na maonyesho, yeye anaweza kuonyesha kama kazi yake, hakuna anaeuza kwa kampuni ya matangazo bila kukaa chini wote pamoja na wachoraji, na majina ya waliochora yanaandikwa kila picha inapowekwa. Hilo la mwisho alilidai yeye, sio sisi.

Bei ilikua laki nne na nusu kwa siku nne, mbili za kazi, moja ya kumalizia na moja ya uzinduzi, nauli juu yetu. Tukapata picha 180 zilizochaguliwa kwenye flashi, na ndani ya bei hiyo akasafisha picha 60 za kugawa mtaani. Alirudi mwenyewe kuzigawa, nyumba kwa nyumba na mjumbe. Fundi aliyetufungia mirunda ya kupandia kabandika yake kwenye kibanda cha chipsi cha mke wake.

Kwanini sio nyota tano. Aliahidi wiki moja ikawa wiki mbili na siku tatu, na siku nyingine meseji ya WhatsApp inasomwa haijibiwi, kwa kikundi kinachosubiriwa ripoti hiyo inakupandisha presha. Majina chini ya picha alikosea kama sita hivi, mama mmoja kapewa jina la shoga yake, ikabidi nikae nae jioni nzima kurekebisha, kwahiyo nyie mteueni mtu mmoja wa mtaani akae karibu nae na daftari tangu siku ya kwanza. Na video hapigi kabisa, ukitaka vile vya sekunde thelathini vya kurusha mtandaoni tafuta mwingine.

Ukuta mwingine tunaanza baada ya vuli na tumeshamlipa kianzio. Namba yake siweki hapa mana hajaniruhusu, anaeihitaji aniandikie nitamuuliza kwanza, ila mtafuteni mapema kabla hamjanunua hata ndoo moja ya rangi, na kama mradi wenu ni wa Desemba sahauni, mwezi huo wote yuko kwenye maharusi.