Dizeli ipi kwa pikapu ya kisasa: ya kununua, ya kuvumilia na ya kukataa

Kifaa rahisi kuliko vyote kwenye pikapu yangu ni chupa ya kioo, safi na kavu, yenye kifuniko kinachobana. Nikifika kituo nisichokijua, namwomba mhudumu animiminie mafuta kidogo humo kabla ya kugusa tangi. Naisimamisha juu ya boneti na kusubiri dakika kumi. Safari moja nilisubiri hivyo, na chini ya chupa pakajitenga maji, unene wa kidole. Dizeli iliyobaki juu ilikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nililipia hicho nilichomiminiwa, nikaondoka na robo tangi yangu.

Naanza na chupa kwa sababu wanunuzi wengi huanza na jina kubwa lililobandikwa kwenye pampu. Kwa dizeli, jina huja mwisho. Kabla yake kuna mambo matatu: salfa iwe kidogo, maji yasiwemo, na mafuta yawe ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari au ndani ya mfuniko wa tangi.

Pikapu ya zamani ilikuwa kama mbuzi, inatafuna chochote na kesho inaamka. Ya leo haiko hivyo. Pampu yake husukuma dizeli kwenye reli, yaani bomba nene linalozigawia injekta mafuta, kwa presha ya bari 2,000 hivi, na injini nyingine huzidi hapo. Kwa kipimo tunachotumia kujazia upepo, hiyo ni psi 29,000, wakati tairi lako lina kama 35. Matundu ya noseli, ule mdomo wa injekta unaopuliza mafuta ndani ya injini, yana upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na vyuma vinavyoteleza ndani ya injekta vimeachiana nafasi ya mikroni chache tu, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele mmoja una mikroni 70 hivi. Kinacholainisha vyuma vya pampu hiyo na injekta hizo ni dizeli yenyewe, kwani oili ya injini haifiki kule. Maji yakipita, vyuma vinakwaruzana, na vumbi la chuma linasambaa kila mahali, mpaka kwenye tangi kupitia bomba la kurudisha mafuta. Hapo fundi hakutajii injekta moja. Anakutajia pampu, reli, injekta zote, mabomba, na kazi ya kushusha tangi na kuliosha.

Upande wa ekzosi nako kuna chujio la masizi, ile DPF, na katalisti zake zinazosafisha moshi. Salfa ndiyo adui wa huko. Haya sasa, nazipanga dizeli kuanzia ile ambayo ningeijaza bila kufikiri.

1. Dizeli ya kawaida yenye salfa ya 10 au 15

Namba hiyo ni ppm, yaani sehemu kwa milioni. Kiwango cha Ulaya, EN 590, hakiruhusu zaidi ya 10, na kile cha Marekani, ASTM D975, kinaweka mwisho wa 15 kwa dizeli ya magari ya barabarani. Injini ya Euro 5 au Euro 6, viwango vya Ulaya vya usafi wa moshi (namba kubwa ni kali zaidi), imetengenezwa ikitegemea mafuta ya namna hii. Kwa pikapu iliyo nzima, hakuna unachokikosa ukiijaza hii mwaka mzima.

Wengi hunibishia hapa: salfa ikiondolewa, dizeli si inakuwa kavu? Hoja hii ina ukweli nusu. Kazi ya kuondoa salfa kiwandani kwa haidrojeni huondoa pia vitu vya asili vilivyokuwa vikilainisha. Ndiyo maana dawa ya kulainisha huongezwa kabla mafuta hayajafika kwako, na viwango vyenyewe vinapima jambo hili: kipande cha chuma husuguliwa ndani ya dizeli, kisha alama ya mkwaruzo inapimwa. EN 590 inataka isizidi mikroni 460. Kwa hiyo dizeli ya salfa ndogo iliyotimiza kiwango inalainisha vizuri. Kavu kweli ni ile iliyochakachuliwa, na nitaifikia.

Namba nyingine utakayoiona ni setani. Usiichanganye na okteni ya petroli, maana zinapima mambo yanayokaribia kuwa kinyume. Okteni hueleza jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Setani hueleza dizeli inavyowahi kuwaka ikishapulizwa kwenye hewa ya moto. Ulaya inataka angalau 51, Marekani 40. Setani ikiwa ndogo, asubuhi injini inawaka kwa shida, inagonga na kutoa moshi mweupe. Ikiwa kubwa kuliko mahitaji ya injini, unapata utulivu kidogo wa sauti, basi. Nguvu haiongezeki.

Kati ya vituo viwili vinavyouza dizeli hii hii, chagua kile chenye foleni ya malori. Mafuta yanayouzwa haraka hayapati muda wa kukusanya maji kwenye tangi la chini ya ardhi. Nikikuta lori la mafuta linashusha mzigo, mimi hupita: takataka za chini ya tangi ndipo zinapovurugwa.

2. HVO, ikiwa kitabu cha gari kinairuhusu

Hii ni dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea, mafuta yaliyokwisha kukaangia au mafuta ya wanyama, yakapitishwa kwenye haidrojeni mpaka yakafanana na dizeli ya mafuta ghafi. Usiiite biodizeli, ambayo ni mafuta ya namna hiyo yaliyogeuzwa kwa kileo, maana njia ya kuitengeneza ni nyingine na tabia yake ni nyingine. Haina rangi, karibu haina harufu, na kiwango chake cha Ulaya, EN 15940, kinadai setani ya 70 kwenda juu kwa daraja la kwanza. Masizi yake ni machache, kwa hiyo DPF inapumua. Ni nyepesi kuliko dizeli ya kawaida, na lita moja ina nishati pungufu kidogo, kama asilimia 4 hivi, jambo ambalo madereva wengi hawatalihisi kwenye kanyagio.

Kwa ubora wa mafuta peke yake ningeipa nafasi ya kwanza. Imeshuka kwa sababu haipatikani kila mahali, na kwa sababu watengenezaji hawajaikubali kwa kila injini. Vituo vya Ulaya huiandika XTL ndani ya mraba. Mraba huo ni wa dizeli, na duara ni la petroli. Tafuta herufi hizo kwenye mfuniko wa tangi. Usipoziona wala kuzisoma kwenye kitabu, muulize muuzaji wa gari kabla ya kujaza, si baada.

3. Ile ya jina kubwa

Dizeli ya daraja la juu mara nyingi ni ile ya kwanza pamoja na sabuni ya kusafisha noseli, kizuia povu, na wakati mwingine setani iliyopandishwa. Sabuni ni ya kweli. Noseli ikishika uchafu mkavu, mafuta hayapulizwi tena kama ukungu, na moshi na ulaji vinapanda. Pikapu inayokokota tela kila siku, au inayozunguka mjini kwa safari fupi, inaweza kufaidika ukijaza tangi moja au mawili kila baada ya muda. Kuijaza siku zote kwa kutegemea nguvu ni kulipia maandishi. Na jina kubwa lililochanganyika na maji linaua pampu kama jina dogo.

4. Biodizeli: B7 haina neno, B20 uliza kwanza

Namba baada ya B ni asilimia ya biodizeli iliyochanganywa. Ulaya B7 ndiyo dizeli ya kawaida, na Marekani dizeli inaweza kuwa na mpaka asilimia 5 bila kibandiko maalumu. Kiasi hicho hata kinasaidia kulainisha. Mashaka huanza kwenye B20 na kupanda.

Chanzo cha mashaka hayo ni DPF. Chujio likijaa masizi, kompyuta hupandisha joto hadi kama nyuzi 600 ili yaungue. Injini nyingi hufanya hivyo kwa kupuliza mafuta ya ziada ndani ya silinda wakati pistoni inashuka. Sehemu ya mafuta hayo hulowanisha ukuta wa silinda na kuteremka kwenye oili. Dizeli ya kawaida huvukizwa kiasi na joto la oili. Biodizeli huchemka kwa joto kubwa zaidi, hivyo hubaki humo, na oili inazidi kuwa nyepesi. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, usifurahi.

Biodizeli pia huvuta maji kuliko dizeli tupu, haivumilii kukaa muda mrefu, na kwenye gari lililozeeka na dizeli ya kawaida hulegeza uchafu wa tangi. Ukihamia B20 ukiwa na ruhusa ya mtengenezaji, weka filta ya akiba ndani ya gari. Ya kwanza inaweza kuziba mapema.

5. Dizeli ya salfa ya 50

Hiki kilikuwa kiwango cha Ulaya kuanzia 2005, na injini za Euro 4 ziliundwa kwa ajili yake. Kama pikapu yako ni ya Euro 4, huna haja ya kuihofia. Kwa Euro 5 na 6, nivumilie nikiiita chakula cha safarini: kinakufikisha, lakini si cha kila siku.

6. Salfa ya 500 na zaidi

Hesabu ni nyepesi: 500 ni mara 50 ya ile 10. Salfa inayoungua hujaza salfeti kwenye DPF, hufunika katalisti zisifanye kazi, na ikikutana na mvuke wa maji hutengeneza asidi inayomaliza nguvu ya oili. Tangi moja haliui gari. Ukiishiwa mahali pasipo na nyingine, jaza lita za kukufikisha kwenye dizeli nzuri tu, tena wakati tangi bado lina mafuta mazuri ya kuchanganyika nayo. Ukilazimika kuitumia kwa muda, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Anayeishi mahali ambapo hii ndiyo pekee inayopatikana, afikirie upya kununua pikapu yenye DPF kabla ya kufikiria mafuta.

Za kukataa hata za bure

Mafuta ya taa ndiyo yanayotumika sana kuchakachulia dizeli. Ni membamba, hayalainishi vya kutosha, na pampu ya presha kubwa ndiyo inayolipa. Injini ikianza kugonga na kukosa nguvu muda mfupi baada ya kujaza, zima, na chukua sampuli kabla hujaongeza kitu chochote.

Mafuta ya kupikia yana watetezi wenye hoja ya kihistoria. Ni kweli kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 kampuni ya Otto ya Ufaransa iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Injini ile haikuwa na reli ya bari 2,000 wala DPF. Mafuta hayo ni mazito mno kwa noseli za leo. Hayapulizwi vizuri, na yanaacha makaa kwenye matundu na kwenye ringi. Oili chakavu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa dawa za madini zilizomo hugeuka jivu, na jivu haliungui kama masizi. Linabaki ndani ya DPF mpaka ifunguliwe.

Chupa za dawa za kumimina tangini sina ugomvi nazo zote, ila zile za kileo naziacha dukani. AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi wa ekzosi, haimo kabisa kwenye orodha hii: ni asilimia 32.5 ya yurea, iliyobaki ni maji, na ina tangi lake lenye mfuniko wa buluu. Ikiingia kwenye tangi la dizeli, usiwashe.

Ukinunua kwa dumu la akiba, lisiwe la mabati yaliyopakwa zinki. Zinki huyeyuka kidogo kwenye dizeli na kwenda kuganda kwenye noseli. Dumu la plastiki la mafuta linatosha. Mafuta yasikae humo mwaka mzima, maana penye maji kidogo vijidudu huzaliana na kuacha kamasi jeusi linaloziba filta. Sehemu zenye baridi kali nunua dizeli ya msimu huo, kwa sababu ya kiangazi hugandisha nta. Ushauri wa zamani wa kuizimua kwa petroli usiufuate.

Na ikitokea mhudumu ameingiza petroli, hata lita tano, usifungue switchi. Kwenye magari mengi switchi ikifunguliwa tu, pampu ya tangini huanza kusukuma mafuta hayo mbele. Weka gia huru, sukumeni gari pembeni kwa mikono, mwite fundi amwage tangi. Ukiwahi hapo, gharama yako ni tangi moja la mafuta na filta.