OpenFOAM na mafaili yake: uzoefu wangu

Wengi wakiongelea OpenFOAM, programu ya bure ya kuiga kwa kompyuta jinsi hewa na maji yanavyotiririka, wanaongelea solva (sehemu inayopiga hesabu) na meshi (nafasi iliyogawanywa kwenye visehemu vidogo vinavyoitwa seli), mi naongelea kitu ambacho ndo kinanila muda zaidi, yani mafaili. Naitumia kwa kazi za mtiririko wa hewa na maji, mara nyingi kwenye seva ya pamoja ambayo kila mtu ana kiwango chake cha diski, na hapo ndo unaijua vizuri.

Nianze na ninachokipenda. Kila kitu ni folda na faili la maandishi. Folda ya 0 ina hali ya mwanzo, constant ina meshi na tabia za hewa au maji yenyewe, system ina maelekezo ya kuendesha, basi. Hakuna lile faili moja kubwa la siri ambalo likiharibika kazi yote imekufa. Nikitaka kujua kesi hii (yani kazi moja ya kuiga, na folda zake) inatofautiana wapi na ile ya juzi napiga diff, amri ya kulinganisha mafaili, naiona mistari, na hizo folda zinaingia kwenye git, programu ya kutunza historia ya mafaili, bila shida, meshi tu ndo naiacha nje maana ni nzito na inatengenezwa upya. Kwa hilo peke yake naipa maksi zote.

Sasa njoo kwenye matokeo. Programu inaandika ulichoiambia iandike, haikuulizi kama diski inatosha. Piga hesabu: meshi ya seli milioni 5, kila namba baiti 8, kwahiyo presha tu ni MB 40, kasi ina vipande vitatu hiyo ni MB 120, ongeza k na omega na nut, vipimo vya msukosuko wa mtiririko, MB 40 kila moja, halafu kuna phi, kiasi kinachopita kwenye kila uso, ambayo inakaa kwenye nyuso za seli na nyuso ni kama mara 3 ya seli, hiyo nayo MB 120. Jumla MB 400 kila inapoandika. Ukisema iandike mara 200 ushafika GB 80, kesi moja tu hiyo.

Na ukubwa wala sio tatizo baya kuliko yote, tatizo ni idadi. Ukigawa kesi kwa amri ya decomposePar ili ikimbie kwenye prosesa 64 kwa pamoja unapata folda kuanzia processor0 mpaka processor63, na kila moja inaandika mafaili yake, sasa 64 mara 200 mara 6 ni mafaili 76,800 na bado hujaunganisha kitu. Seva nyingi zina kikomo cha idadi ya mafaili, unaweza kuwa na nafasi tele na bado ukakataliwa kuandika. Dawa ipo, ni kuongeza -fileHandler collated kwenye amri, inaweka vyote kwenye folda moja ya processors64 na kila kipimo kinakuwa faili moja kwa kila muda. Kwa kazi kubwa sioni sababu ya kutoitumia. Kwenye ule mpangilio wa kawaida pia huna haja ya kukimbilia reconstructPar, amri ya kuunganisha vipande vya prosesa, kopi ya pili ya kila kitu ya nini, tengeneza faili tupu linaloishia na .foam, lifungue kwenye ParaView, programu ya kuonyesha matokeo kwa picha, uchague Decomposed Case, unaona picha nzima.

controlDict, lililo ndani ya system, ndo faili la kulijua kuliko yote. purgeWrite ikiwa 0 haifuti kitu, ukiweka 2 inabaki na nyakati mbili za mwisho tu, nzuri sana kwa simpleFoam, solva ya mtiririko usiobadilika na muda, maana nani anahitaji hatua ya 300 wakati jibu liko hatua ya 3000, ila kwa kesi inayobadilika na muda usiiguse kama unataka animesheni. writeFormat weka binary. Ukibaki na ascii, yani namba kwa maandishi, kumbuka writePrecision ya kawaida ni tarakimu 6, ukianza upya kutoka hapo unaanza na namba zilizokatwa. Halafu kuna kitu nakipenda mno: runTimeModifiable ikiwa yes unaweza kufungua controlDict kazi ikiwa inaendelea, unaandika stopAt writeNow, inaandika pale ilipofika na kusimama kistaarabu, sio kuiua na kupoteza kila kitu tangu ilipoandika mara ya mwisho.

Na kwa kweli mara nyingi huhitaji matokeo ya kila seli. Ukitaka nguvu kwenye bawa tumia forces, ukitaka presha sehemu fulani tumia probes, ukitaka kipande kilichokatwa katikati tumia surfaces, zote zinaandika kwenye folda ya postProcessing wakati solva inakimbia, na jedwali la nguvu la kazi nzima ni faili dogo ambalo hata simu inalifungua.

Kero yangu iko hapohapo postProcessing. Ukisimamisha kazi ukaianzisha tena inafungua folda mpya yenye jina la muda ulioanzia, so unakuta forces/0, forces/500, forces/1200, na wewe ndo wa kuziunga, na kama ulianza tena kutoka nyuma kidogo kuna mistari inajirudia. Skripti fupi ya Python inamaliza hilo, ila ningependa programu yenyewe ije na amri ya kuunga, maana kila ninayemjua anayeitumia ana skripti yake ya kufanya kazi hiyohiyo.

Nyota 4 kati ya 5.