Kiatu cha soksi cha Kariakoo: kizuri kwa anayesimama dede, ila si kwa kila mahali

Kiatu ninachokisema ni kile ambacho juu kimefumwa kwa uzi kama soksi na chini kina soli ya mpira iliyopanda kidogo mbele ya vidole. Kariakoo kimejaa siku hizi. Ukiingia Mtaa wa Kongo huwezi kukikosa, kimening'inizwa jozi kwa jozi na vyenye michoro ya dubu na sungura ndivyo vinavyokuvuta macho kwanza. Mimi nilimchukulia binti yangu wa mwaka na miezi miwili, aliyekuwa ameanza kuachia kochi na kusimama dede. Muuzaji alianzia elfu kumi na mbili, tukaelewana elfu nane.

Baba yangu ni fundi viatu, kwa hiyo kwetu kiatu hakinunuliwi kwa macho. Unakishika mbele na nyuma unakikunja. Kikikunjika pale vidole vinapoanzia, sawa. Kikikunjika katikati ya wayo, hicho kimelegea vibaya na mguu hautapata pa kujishikiza. Kisipokunjika kabisa mpaka uweke nguvu, mrudishie mwenyewe, maana mtoto wa kilo kumi hana uzito wa kukikunja kila anapopiga hatua. Atakuwa anakanyaga kwa wayo mzima. Halafu unaingiza pua ndani. Gundi ikinuka kali, kiatu kimetoka kubandikwa juzi na kitaachia. Hiki cha soksi kilipita mtihani wa kukunja bila shida, soli ikaenda ninapotaka kwa vidole viwili tu. Gundi ilinuka kidogo, nikakianika dirishani mpaka harufu ikaisha.

Namba ndiyo iliyonisumbua. Kwa hesabu ya Ulaya kila namba moja ni thuluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 19 inatakiwa iwe kama sentimita 12.7 ndani. Lakini kwenye meza moja 19 ilikuwa fupi kuliko 18 ya meza ya jirani. Dawa yake ni karatasi. Msimamishe mtoto juu ya boksi tupu, jioni, mguu ukiwa umebeba uzito kwa sababu ndipo unapotanuka, chora miguu yote miwili, chukua ule mrefu, ongeza sentimita moja mbele kisha kata. Kipande hicho kinaingizwa ndani ya kiatu pale pale dukani. Kikikunjamana, kiatu ni kidogo. Hata mtoto umemwacha nyumbani utanunua bila wasiwasi, na Kariakoo na mtoto mgongoni nani anataka?

Wauzaji watakwambia, "Chukua kubwa mama, atakulia humo humo." Usikubali. Anayejifunza kutembea akivaa kiatu kikubwa anajikwaa kwenye ncha yake mwenyewe, na ukimwona anavuta mguu utadhani ana tatizo. Miguu ya umri huu inakua haraka kweli, kila baada ya miezi miwili mitatu inabidi upime upya, ndiyo maana nasema usitoe hela nyingi kwa jozi moja, na usinunue kikubwa.

Sasa matumizi. Sebuleni kwetu ni vigae, na hapo soli ya mpira imenifurahisha: haitelezi. Soksi za kawaida zilikuwa zinamwangusha. Lakini niseme ukweli, ndani ya nyumba siku nyingi namwacha peku. Mguu wa mtoto bado ni gegedu sehemu kubwa, na ule ubapa wa wayo unaowatisha akina bibi ni mafuta tu na upinde ambao haujajijenga. Anahitaji kuhisi sakafu na kushika kwa vidole. Mama mkwe alitaka avalishwe buti ngumu za kushika vifundo ili "miguu ikae", na ili atembee haraka. Tulizungumza kwa adabu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha watoto wazima huanza kutembea wenyewe popote kuanzia miezi minane hadi kumi na saba na nusu hivi. Kiatu hakimharakishi mtu. Kazi ya kiatu ni kumkinga na cha chini.

Na cha chini kwetu kipo. Uwanja wetu Mbagala una kokoto, vifuniko vya soda na kigae cha chupa ambacho hujui kimetoka wapi. Kuna na minyoo ya safura, inayopita kwenye ngozi ya mguu peku toka udongo wenye kinyesi. Nje, basi, avae. Hapo ndipo kiatu cha soksi kinapoanza kupungua sifa. Soli inazuia kokoto, sawa, lakini ule uzi wa juu unapitisha mchanga wote. Ukimvua, unamwaga kifusi. Akikanyaga maji ya kuoshea vyombo, soksi inanyonya mpaka kwenye kifundo na inakaa mbichi nusu siku. Na joto la Dar la Januari! Ndani ya mpira ule mguu unatoka umekunjamana na mwekundu kidogo pembeni. Nje simvalishi zaidi ya mchezo wa asubuhi.

Kukivalisha nako kuna ujuzi wake. Mtoto akihisi kitu kinaingia mguuni anakunja vidole, ukidhani kiatu ni kidogo. Nakunja ule mdomo wa soksi mpaka kwenye soli, namgusa juu ya wayo, vidole vinafunguka, naingiza vyote kwa pamoja ndipo navuta nyuma. Halafu napapasa kwa mbele juu ya uzi nihesabu vidole. Faida ya uzi ni hiyo: unavisikia vyote vitano. Kwenye ngozi ngumu unabahatisha.

Nina cha kulinganisha. Wifi alimletea raba zenye filimbi kisiginoni, zile za kulia chwi chwi na kuwaka taa. Wifi akisoma hapa asinune, mtoto anazipenda. Ila kisigino ni kinene, soli haikunjiki, na nimeona anakanyaga kwa nguvu makusudi asikie sauti, yaani hatembei, anapiga ngoma. Tunazivaa kwenye sherehe.

Nikapata pia vya mtumba pale Karume, ngozi laini kabisa, elfu tano, vina mkanda wa kugandisha unaofunguka hadi vidoleni. Kwa ushonaji vimeviacha mbali vyote, uzi umepita ukingoni bila kuruka hata tundu moja. Baba alivigeuzageuza akacheka kwa kuridhika. Shida ya mtumba ni kwamba umeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ingiza kidole ndani: ukikuta mashimo ya vidole yamezama kwenye kitambaa cha chini, au kisigino kimelika upande mmoja, acha, hata ingekuwa bure. Vyangu vilikuwa havijakanyagiwa sana, ndivyo anavyotoka navyo kwenda kliniki na msikitini.

Kwa kufua, cha soksi kinavumilia. Sabuni ya kipande, mswaki wa zamani kwenye soli, kivulini. Usikianike juani, ule mpira unajikunja mbele kama jani kavu, na jirani yangu cha mwanawe kiliachia ukingo wote kwa jua la siku chache. Changu kimeanza kuachia kidogo upande wa kidole gumba na baba amekipiga uzi badala ya gundi. Kwa elfu nane silalamiki. Kwa elfu kumi na tano, bei niliyokiona nacho kwenye duka moja la kioo mjini, kiatu kile kile na dubu yule yule, ningelalamika sana.

Masika yakianza hakitatufaa tena. Natafuta sandali za mpira zilizofungwa mbele, namba 20, soli nyembamba, zisizo na kisigino. Anayejua meza inayoziuza Kariakoo anielekeze mtaa.