Vyuma vya kukatisha paa la Land Cruiser ya zamani: uzoefu wangu

Vyuma vyenyewe, vile vinavyolazwa kukingama juu ya paa ili kubebea mizigo, navipa nyota tatu kati ya tano. Duka lililoniuzia silipi hata moja, na nikimaliza kuandika huenda na hizo tatu zikapungua.

Gari langu ni Toyota Land Cruiser toleo la 80, yale yaliyoanza kutoka mwaka 1990, na hapa Arusha bado yanapiga kazi. Mimi napika kwenye kambi za wageni, na safari zetu nyingi ni za Ziwa Natron. Uzuri wa magari haya ni kwamba yana gata juu ya milango, yaani ule mfereji mdogo wa bati wa kupitisha maji ya mvua, pande zote mbili. Magari mengi ya siku hizi hayana. Mwenye gari jipya anategemea reli au matundu ya kiwandani, basi. Sisi wenye gata tunabana miguu ya keria pale tunapotaka, na tunaweza kuweka miguu minne, sita au hata minane. Kadiri miguu inavyokuwa mingi, ndivyo kila sehemu ya gata inavyobeba uzito kidogo. Ndiyo maana swali langu la kwanza dukani lilikuwa hili: vyuma viwili, yaani miguu minne, vitatosha?

Kijana wa dukani akanijibu, "Mama, hizi hata ng'ombe unapandisha."

Nikamtajia njia yangu: Mto wa Mbu, Engaruka, mpaka Ngaresero. Nikamwambia juu napandisha mahema, magodoro na viti vya kukunja tu, kwa sababu mitungi ya gesi na maji siku zote vinakaa ndani, chini, gari lisiyumbe kwenye miteremko. Nikamwomba karatasi ya mtengenezaji. Akasema boksi lilishafunguliwa, karatasi hazikai, na kwamba hiyo njia niliyoitaja ndiyo kazi ya vyuma hivi hasa. Nikalipa, wakafunga wao wenyewe pale pale.

Aliyewahi kupita ile barabara ya Engaruka anaijua. Vumbi la majivu, mawe, na yale mawimbi madogo yasiyoisha yanayolitetemesha gari saa nzima bila kupumzika. Kwenye lami bolti iliyolegea kidogo inaweza kukaa hivyo miezi. Kule inajifungua yenyewe huku unasikia. Tulipoivuka Engaruka nikasikia mgongano juu ya kichwa changu, nikasimama. Mguu wa nyuma kushoto ulikuwa umetoka. Chuma kimelala upande, kibano kimeikunja midomo ya gata na kukwangua rangi mpaka bati linaonekana. Nati zote nne za nyuma zilikuwa nati za kawaida kabisa, hazina nailoni ndani ya kuzizuia zisilegee, hazina hata springi washa. Watu wanafunga keria ya gari la porini kwa nati za kitanda! Tukashusha mzigo, mahema yakaingia ndani, wapishi wakayapakata mpaka kambini.

Sasa hilo ningeweza kulisamehe. Vitu vinaharibika. Kilichonitoa machozi ya hasira ni siku niliyorudi dukani.

Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, ambaye alinisindikiza tu kwa sababu alikuwa na shida zake mjini. Hajui kuendesha gari. Hajawahi kushika spana. Nikaingia, nikasalimia, nikaweka ule mguu uliotoka juu ya kaunta, nikaanza kueleza. Yule kijana akanisikiliza sentensi moja, kisha akamgeukia mwanangu, akamwambia, "Kaka, muelekeze mama. Hizi ni za mjini, siyo za porini."

Nikamwambia, wewe ndiye uliyeniambia ni za porini. Akamwangalia tena mwanangu. "Kaka, gari lenyewe umeliona? Limezaliwa kabla yangu. Hata ukiliwekea keria ya dhahabu litakung'utika tu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Gari ni langu, kadi ina jina langu, hela imetoka kwenye jasho langu la jikoni, na njia ile naiendesha mwenyewe usiku na mchana. Mwanangu wa watu akabaki anaangalia chini kwa aibu, maana naye kalelewa na anajua kwamba mtu mzima haongelewi juu ya kichwa chake hivyo. Nikauliza kama wana vibano vingine vyenye nati za nailoni. Hakunijibu mimi. Akamwambia kaka yake: "Mwambie aende Unga Limited wakamchomelee." Hakukuwa na pole wala "ngoja nimwite bosi", na ule mguu hata hakuushika kuutazama.

Basi nikaenda Unga Limited kweli, mtaa wa hapa Arusha wenye mafundi, na huko ndiko nilikopata msaada, ingawa yule kijana alisema kwa dharau. Fundi mmoja wa makamo alipanda juu ya gari bila kuombwa, akapapasa gata yote kwa vidole, akashuka na kusema, "Mama yangu, mimi nikikuchomelea keria nzima ya bomba za mraba utanipa hela nzuri, lakini sikushauri." Akanieleza kwamba keria ya chuma inayofunika paa zima ina uzito wake yenyewe, na huo unahesabiwa kwenye kile paa linachoruhusiwa kubeba, kwa hiyo unaweza kumaliza nusu ya ruhusa kabla hujapandisha hata godoro. Vyuma vyangu ni vya alumini, vyepesi, na bado vilikuwa vimenyooka. Akasema shida ni miguu na idadi yake. Tuongeze chuma cha tatu katikati, tutafute miguu yenye kibano kirefu kinachoshika gata kwa upana, tuweke mpira kati ya kibano na gata, na nati zote ziwe za nailoni. Akasugua pale palipokwanguliwa, akapaka rangi ya kuzuia kutu kisha rangi yenyewe. Na akaniambia nirudi kukaza baada ya safari ya kwanza, maana kila kitu kipya hukaa sawa baada ya kutikisika.

Tangu hapo tumekwenda Natron na kurudi zaidi ya mara moja na hakuna kilichosogea. Vinapiga mluzi kidogo gari likikaribia kilomita 80 kwa saa, lakini kule nani anafika 80. Kwa hiyo nikiwa mkweli, vyuma vyenyewe vinastahili nyota nne. Ni vizuri. Vipeni miguu ya maana na vitakaa.

Lakini juzi mwenzangu aliyenunua aina ile ile kwenye duka jingine akanionyesha karatasi iliyokuwa ndani ya boksi lake. Imeandikwa wazi: kilo 75 kwenye barabara nzuri, na kwenye barabara mbovu ugawanye kwa 1.5, yaani kilo 50, na uzito wa vyuma vyenyewe umo humo humo. Imeandikwa pia ukaze bolti baada ya mwendo mfupi wa kwanza, na uzikague mara kwa mara. Karatasi moja tu. Hiyo ndiyo niliyoiomba nikaambiwa hazikai. Ningeisoma, ningedai chuma cha tatu siku ile ile, na gata yangu isingekunjwa. Gata ya 80 si kitu cha kuchezea: ikishakwanguliwa maji hutuama pale, kutu inatambaa chini ya rangi kimyakimya, na siku utakapoiona imeshakula. Fundi amefanya aliloweza, lakini ule mkunjo upo, na kila nikiosha gari naupitisha kidole.

Kwa hiyo zile nne nazifuta. Mtu anauziwa kitu kizima, si chuma peke yake. Anauziwa na maneno ya anayemuuzia, na ufungaji, na nati. Kwa jinsi nilivyouziwa mimi, ni sifuri.

Na nyie akina mama mnaoendesha magari haya, tuko wengi kuliko wanavyodhani: mkinunua keria, semeni muuzaji aandike kwenye risiti kilo ngapi na barabara gani. Akikataa kuandika, tokeni. Akianza kuongea na mwanaume uliyekuja naye badala yako, tokeni mapema zaidi.

Risiti yangu ninayo. Nimeipeleka kwa mwenye duka mwenyewe pamoja na picha za gata na zile nati nne kwenye mfuko, akanipokea kwa heshima, akasema atazungumza na kijana wake kisha anipigie. Hajapiga.