Walinikatalia kuzamia Nungwi, na bado nawapa nyota tano

Mwezi wa pili nilienda Nungwi, Zanzibar, na wifi yangu, yeye ana cheti cha kuzamia chini ya bahari na mtungi wa hewa, mimi nilitaka ile ya kujaribu tu, mwisho mita 12 na mwalimu pembeni. Ofisi ya kwanza kijana wa mapokezi kanipa fomu ya afya, ukurasa wa kwanza maswali 10, nikatia ndiyo kwenye la mapafu maana nina pumu tangu utotoni na Desemba ilinibana mpaka nikawekwa nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke. Akaitazama, akatoa fomu nyingine safi, akaniambia dada we weka hapana kote, ukiweka ndiyo boti inatuacha.

Jamani, kalamu nilikuwa nishaishika! Kilichonishtua ni yale maneno ya juu ya sahihi, kwamba ukijibu uongo au ukificha ugonjwa, litakalotokea ni juu yako. Na karatasi ya pili inasema hutawashtaki hata kama uzembe ni wao. Sasa ziunganishe hizo mbili: aliyenifundisha kudanganya ni yeye ila sahihi ni yangu, mambo yakiharibika huko chini jina lake halipo popote, na bima wakijua nilificha pumu sidhani kama wananilipa hata shilingi. Nikatoka.

Ofisi ya pili ndo hao ninaowasifia. Mwalimu wao, baba wa makamo, alikaa na mimi chini akanichorea mchangani kwa kidole, duara dogo na duara kubwa, kwamba hewa unayovuta ukiwa mita 10 ukifika juu inakuwa mara mbili, asiye na shida anaitoa tu kwa kupumua, lakini mwenye pumu vijia vya hewa vikibana hewa inakwama ndani, inatanuka, pafu linaweza kuchanika, na wala si lazima uwe umeshuka sana. Akasema bila sahihi ya daktari sikupeleki mwanangu hata ulipe mara mbili.

Daktari akanipulizisha kamashine ka kupima pumzi, akanikimbiza, nikapuliza tena, namba ikashuka. Akaandika sifai kwa sasa. Niliumia sana, nilikuwa nimejichanga miezi. (Wenye pumu, presha au moyo, hiyo fomu ipo bure mtandaoni, ichapishe umpelekee daktari ukiwa bado kwenu, usije ukalilia ufukweni kama mimi.)

Nikarudi ofisi ya pili na karatasi nikijua advansi niliyowapa ndo imeenda. Wakanirudishia yote, na wakanipa nafasi kwenye boti hiyohiyo ya wifi, ya kwenda kisiwa cha Mnemba, nielee juujuu na miwani na mrija. Nilimwona wifi kule chini, mapovu yake yanatoka madogo madogo, yakinifikia mimi yameshakuwa makubwa, yananipasukia tumboni.