Baiskeli ya mlimani: gia moja au gia nyingi?

Ubishi huu hauishi, na mara nyingi wanaobishana wanapita njia tofauti kabisa.

Kwa bei na matengenezo, gia moja inaongoza kwa mbali. Haina waya za gia, wala kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni, ambacho hakikawii kupigwa na jiwe kikapinda. Cheni yake hukaa kwenye mstari mmoja tu, hivyo huvumilia tope na huchelewa kulika. Kazi inayobaki ni kuikaza, maana ikilegea inachomoka. Kama fremu haikutengenezwa kwa gia moja, utahitaji kikazio cha cheni.

Kwenye mwinuko mambo yanageuka. Kaseti ya gia 12, yaani lile rundo la vigurudumu vya meno kwenye tairi la nyuma, inaweza kuanzia meno 10 hadi 52, kwa hiyo mlima mkali unaupanda umekaa. Mwenye gia moja, tuseme meno 32 mbele na 20 nyuma, husimama na kusukuma kwa mwili mzima. Ikishindikana, anashuka na kutembea. Magoti mabovu hayataki mchezo huo. Na kwenye tambarare miguu inazunguka kama cherehani huku wenzake wakitokomea.

Kwa vilima vifupi na msimu wa tope, mimi ningechagua gia moja. Kwa milima mirefu, au ukiongozana na wenye gia, chukua nyingi. Bado unasita? Endesha baiskeli yako ya gia njia nzima bila kuzigusa.